Sen.: Cheo au Chenji?

Kuna mzee mtaani kwetu ambaye kila Jumamosi hukaa kwenye benchi nje ya kinyozi, gazeti kalikunja mara nne, kalamu ya wino mkononi. Hajangojea kunyolewa, kichwa chake kiliisha nywele kitambo. Anajaza chemshabongo. Juzi akaniita.

"Kijana, si wewe ndiye huandika-andika? Hebu nisaidie hapa. Cheo cha siasa, na pia hela ndogo. Herufi tatu."

Nikafikiri kidogo. "Sen, mzee. Sen. ni kifupi cha Seneta, kama wanavyoandika kwenye mabango. Na huko Malaysia sen ni kama senti yetu, mia moja ndizo ringgit moja. Wajapani pia walikuwa nayo chini ya yen, mpaka wakaiondoa mwisho wa mwaka 1953."

Alizijaza zile herufi kisha akacheka mpaka kinyozi akazima mashine kusikiliza. "Kumbe hata gazeti linajua! Hela ndogo! Hiyo Seneti ifutwe tu, kijana. Ni nyumba ya wazee, haina kazi, inatumalizia ushuru." Watu wote kwenye foleni wakaitikia kama kanisani. Ifutwe! Mmoja akaongeza kwamba seneta wake hamjui hata kwa sura.

Sikumjibu. Kwanza mvi zina heshima yake. Pili, zamu yangu ilikuwa imefika, na mtu mwenye wembe shingoni habishani siasa. Makala haya ndiyo jibu langu, na ninalisema mapema ili msomaji asipoteze muda: mzee wangu amekosea. Hajakosea kuiita Seneti hela ndogo. Amekosea kudhani kwamba hela ndogo ni ya kutupwa.

Tuanze na hela yenyewe. Neno tunalolitumia kwa mali yote ya dunia, pesa, lilitoka India likiwa jina la sarafu duni kabisa, paisa, ambayo 64 ndizo zilitimiza rupia moja. Mvuvi na mchuuzi wa pwani hawakuishika rupia kila siku, waliishika pesa. Kwa hiyo jina la kitu kidogo likawa jina la kitu chote. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Mtu akifilisika hasemi hana elfu, anasema hana senti, au hana hata ndururu. Nyanya yangu alikuwa na zile senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, amezipitisha kwenye uzi, zinaning'inia nyuma ya mlango. Alituambia kwamba zamani ukizipoteza ulichapwa. Hakuna aliyekuuliza kama ilikuwa ndogo au kubwa.

Sasa nenda kwenye kituo chochote cha mafuta. Bei mpya hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, nayo hutangazwa kwa shilingi na senti. Senti zipo kwenye tangazo, zipo kwenye mashine, zipo kwenye risiti. Mfukoni hazipo. Lini mara ya mwisho ulishika thumuni? Basi jiulize swali la kitoto: zile senti zinazohesabiwa lakini haziwezi kulipwa kwa mkono, huliwa na nani? Dukani ni vivyo hivyo. Unadai shilingi mbili, unaambiwa, "Chenji sina, mama, chukua tu peremende." Unachukua. Mtoto anafurahi. Hujawahi kumwona mtu akirudi na zile peremende kununua unga.

Malaysia walipoona sarafu ya sen moja imekuwa usumbufu, mwaka 2008 waliweka kanuni ya kukadiria jumla ya risiti: ikiishia na moja au mbili inashuka, ikiishia na tatu au nne inapanda hadi tano. Kuna siku mnunuzi anapata, kuna siku muuzaji anapata. Kwetu dukani kanuni ni moja tu, haijaandikwa popote, na kila mtu anaijua: aliye nyuma ya kaunta ndiye anayeamua. Hela ndogo ikikosa nguvu, hesabu haikosi kufanywa. Inafanywa na mwenye nguvu, kwa faida yake.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye Seneti.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 143,920 katika kaunti ya Lamu. Nairobi ilikuwa na 4,397,073. Katika Bunge la Taifa, Lamu ina wabunge wawili wa maeneo bunge na mwakilishi wa wanawake mmoja. Watatu. Nairobi ina 17 na mmoja, jumla 18. Silalamiki, watu wengi wawe na wabunge wengi, hiyo ni haki. Lakini katika chumba chenye viti 349, watatu wa Lamu ni zile senti kwenye risiti ya mafuta. Wameandikwa, wamesomwa, na jumla ikipigwa hawaonekani.

Sasa vuka upande wa pili wa majengo ya Bunge. Kifungu cha 123 cha Katiba kinasema kwamba jambo linalohusu kaunti likipigiwa kura katika Seneti, kila kaunti ina kura moja. Lamu moja. Nairobi moja. Tana River moja, Kiambu moja. Kura 47, na Lamu haiwezi kukadiriwa iwe sufuri. Hicho ndicho chumba pekee katika taifa hili ambamo ndururu na noti ya elfu zinahesabiwa sawa. Mzee wangu anataka kifungwe kwa sababu hakifanyi kazi. Mimi nauliza: nani anafaidika kisipofanya kazi?

Tuangalie namba, maana siasa bila namba ni porojo. Kila mwaka lazima pesa zigawanywe kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Bunge la Taifa linataja kiasi chake, Seneti inataja chake, wakikosana wanaunda kamati ya upatanishi. Mwaka 2019 Bunge la Taifa lilitaka kaunti zipewe bilioni 310. Seneti ikasema 335. Wakavutana miezi, kaunti zikiishi kwa mkopo na ahadi, mpaka Septemba wakakubaliana bilioni 316.5. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa, Seneti ilishikilia bilioni 400.1, Bunge la Taifa likataka 380. Walikutana 387.425. Mwaka 2025 Seneti ilitaka 465, Bunge la Taifa 405. Wakatoka na 415.

Soma tena hiyo ya mwisho polepole. Kati ya 405 na 465, katikati ni 435. Hawakukutana katikati. Bunge la Taifa lilisogea bilioni 10, Seneti ikasogea bilioni 50. Mwaka 2024 ilikuwa hivyo hivyo, mwaka 2019 hivyo hivyo: kila mara jumla inaangukia karibu na upande ule ule. Huo si upatanishi. Huko ni kukadiriwa na mwenye kaunta.

Mtu ataniambia hizo ni namba za Nairobi, za watu wa suti. Nina shangazi ambaye ni muuguzi katika zahanati ya mashambani. Kaunti yenyewe sitaitaja, zinafanana. Hasomi miswada. Lakini anaweza kukuambia bila gazeti ni mwezi gani mgao umechelewa, kwa sababu mwezi huo mshahara wake hauingii, na glavu zinaisha. Mama mjamzito akifika anaambiwa aende akanunue glavu kwenye duka la dawa kabla ya kuhudumiwa. Saa nane za usiku duka la dawa limefungwa. "Hapo unafanya nini, shangazi?" nilimuuliza. Akaniangalia kama mtoto. "Unafanya kazi," alisema. "Na mikono unayo." Mshahara ukichelewa miezi miwili anakopa kwenye chama, ukiingia analipa chama, na maisha yanaanza tena kwenye sufuri. Hizo bilioni 50 zilizosogezwa mezani, ukizigawa sawasawa kwa kaunti 47 (ingawa fomula haigawi hivyo), ni zaidi ya bilioni moja kwa kila kaunti. Sitadanganya kwamba zote zingefika kwenye glavu. Najua magavana tulio nao. Lakini pesa ambayo haikutoka kabisa haiwezi hata kuibwa, sembuse kununua glavu.

Ngoja, nasikia mtu akisema: basi kama Seneti hushindwa kila mara, si ndiyo sababu ya kuifuta? Hapana. Senti iliyofutwa hairudi. Nasi tulishawahi kuifuta, ushahidi tunao.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na Seneti ya watu 41, sehemu ya katiba ya majimbo iliyojadiliwa Lancaster House. Spika wake alikuwa Muinga Chokwe, mtu wa Pwani. Kazi yake ilikuwa ile ile: kulinda wadogo dhidi ya wakubwa. Majimbo yakanyang'anywa pesa, kisha yakavunjwa. Seneti nayo ikafuata mwaka 1966, na haikuuawa na jeshi. Nyumba mbili ziliunganishwa kuwa moja, yakaundwa maeneo bunge mapya 41, maseneta wakageuka wabunge. Viti vya kuchaguliwa vikawa 158. Hakuna aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Kila mmoja alipewa peremende yake.

Baada ya hapo? Miaka zaidi ya 40 ya taifa lenye kaunta moja na mwuzaji mmoja. Barabara ilifika kwenu au haikufika kutegemea nani anamjua nani. Watu wa Kaskazini wakawa wanasema wanasafiri "kwenda Kenya" wakija Nairobi. Ilitugharimu damu ya 2007 na 2008, na Katiba ya 2010, kuirudisha ile sarafu ndogo mezani.

Na sasa wanataka kuinunua tena. Julai 2025 Bunge la Taifa lilipitisha mswada wa kubadilisha Katiba ili kuingiza humo hazina tatu: ile ya maeneo bunge, ile ya wawakilishi wa wanawake, na ya tatu, hazina ya usimamizi ya Seneti. Mbunge apate mfuko wake, seneta apate wake, wote watulie. Maseneta wamelilia mfuko huo miaka mingi: ati tutakaguaje magavana bila pesa za mafuta na ofisi? Hoja hiyo ina ukweli wake. Ukaguzi unahitaji wahasibu na magari. Lakini bajeti ya kazi ya Bunge ipo, na wanaweza kuipigania humo. Kuandikiwa mfuko ndani ya Katiba na watu wale wale wanaokukadiria kila mwaka ni jambo jingine. Ni kuambiwa: chenji hatuna, mheshimiwa, chukua peremende.

Kwa hiyo sasa naongea nawe, Mheshimiwa Seneta. Nimekutetea kurasa nzima. Nipe nafasi nikukosoe.

Umejifanya mdogo kuliko Katiba ilivyokufanya. Siku ya kumng'oa mtu tunakuona. Januari 2020 ulimwondoa Waititu wa Kiambu, Desemba mwaka huo huo Sonko wa Nairobi, na Oktoba 2024 ukamwondoa Naibu Rais Gachagua, nchi nzima ikiwa imekodoa macho kwenye runinga mpaka usiku. Ulivaa vizuri. Ulinukuu sheria, ulinukuu Biblia. Lakini siku ya kupigania mgao wa mapato, siku ambayo glavu za shangazi yangu zilikuwa mezani, uko wapi? Unatoka kwenye kamati ya upatanishi umeacha bilioni 50, unatuambia umefanya "kwa maslahi ya taifa". Taifa gani hilo ambalo zahanati si sehemu yake?

Na ile tamaa yako ya ugavana. Tunaijua. Kila uchaguzi maseneta wanapanga foleni kugombea kiti cha mtu waliyekuwa wakimkagua. Basi ukaguzi wako utaaminikaje? Ukimwandama gavana, watu wanasema unampiga kampeni. Ukinyamaza, wanasema mmeshakubaliana. Kwa vyovyote vile neno lako limepoteza thamani kabla halijatoka mdomoni, na hilo hukufanyiwa na Bunge la Taifa. Umelifanya mwenyewe.

Wala usiniambie kwamba huna nguvu. Mwaka 2020 mlibishana juu ya fomula ya kugawana pesa kati ya kaunti kikao baada ya kikao, mkakataa kupigishwa kura kwa haraka. Agosti polisi wakawakamata wenzenu watatu, na bado hamkuvunjika. Septemba mkapitisha fomula ambayo haikuacha kaunti yoyote na hasara, kwa sharti kwamba chungu kiongezwe kutoka bilioni 316.5 hadi 370. Kiliongezwa. Kwa hiyo mnaweza. Mlipokataa kuwa chenji, mlihesabiwa.

Mzee wa kwa kinyozi anataka kufuta. Mimi nataka kuongeza uzito. Mambo matatu, hayahitaji profesa.

La kwanza, ikataeni hazina. Yote. Simameni mseme: hatutaki mfuko, tunataka sauti kwenye pesa. Leo miswada ya kodi huanzia na kuishia Bunge la Taifa. Mswada wa Fedha wa 2024, uliowatoa vijana barabarani mpaka Juni 25 wakaingia Bunge na wengine wakauawa, haukupitia Seneti hata kidogo. Taifa zima lilitozwa na nyumba moja. Kama kungekuwa na nyumba ya pili ya kusema "ngoja", labda kuna akina mama ambao leo wangekuwa na watoto wao.

La pili, rekebisheni kipimo. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Inasikika vizuri. Lakini mapato yanayohesabiwa ni yale ya hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Nyumba inayotaka kaunti zipate kidogo ndiyo inayoshika ufunguo wa mwaka gani utumike. Inachelewa kuidhinisha, asilimia 15 inapigwa kwa mapato ya zamani, kisha tunaambiwa tumepewa zaidi ya haki yetu. Wekeni muda: hesabu zisipoidhinishwa ndani ya mwaka, zitumike za Mkaguzi Mkuu. Najua Kifungu cha 255 kinataka kura ya maamuzi kwa mabadiliko kama haya. Njooni basi mtuombe kura hiyo. Nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

La tatu, seneta asigombee ugavana wa kaunti aliyoikagua mpaka muhula mmoja upite. Anayetaka kuwa gavana aanze ugavana. Anayetaka kuwa seneta akubali kuwa mzee. Hata neno lenyewe, kwa Kilatini lilikotoka, linatokana na senex, yaani mzee. Mzee wangu alipoita Seneti nyumba ya wazee alidhani anatukana, kumbe alikuwa anatafsiri. Kwetu mzee wa boma hakuwa na jeshi wala sanduku la pesa. Alikuwa na neno, na neno hilo lilishika kwa sababu watu walijua halinunuliki.

Na sisi wananchi tusijitoe. Tunajua majina ya watangazaji wote wa kesi za kung'oa magavana, lakini nani kati yetu anajua seneta wake alipiga kura gani kwenye mgao wa mwaka huu? Mimi pia sikujua mpaka nilipoanza kuandika haya. Wahenga walisema usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Lakini kiselema hakilimi kikiachwa darini, na hakuna anayekinoa ila mwenye shamba.

Jumamosi ijayo nitarudi kwa kinyozi, hata kama nywele hazijaota. Nitamwambia mzee wangu kwamba zile herufi tatu alizijaza kwa wino, hazifutiki, na ni vizuri hivyo. Halafu nitamuuliza jambo moja. Siku ile dukani, mzee, unapodai chenji yako na kijana wa kaunta anakunyoshea peremende, huwa unasema sarafu zote zifutwe? Hapana. Nimekuona kwa macho yangu. Unagonga kaunta kwa bakora na kusema: "Nipe pesa yangu."

Basi tugonge.